Siku ya kwanza renji na bunduki ya .22: ukiona hivi, sababu ni hii

Hii ni kwa ajili ya Waswahili mlioko Marekani mliokaribishwa renji (uwanja wa kufyatulia shabaha) na jamaa wa kazini, au mnaotaka kwenda kujaribu wenyewe, manake naona kila mgeni anakutana na shida zile zile alafu majibu anayopewa ni mafupi mno, mara tulia, mara lenga vizuri, sasa mtu atatulia vipi kama hajui kinachomtikisa ni nini? Nachukulia umeshika .22, risasi ndogo kabisa ya kawaida, na bunduki yenyewe ni kitu kama Ruger 10/22 ambayo ilianza kuuzwa 1964 na renji nyingi za kukodisha utaikuta. Kama wenyeji wako wanataka kukuanzishia AR (ile bunduki kubwa ya mtindo wa kijeshi) au bunduki ya kuwindia paa, kataa kwa adabu, sema naanza na .22. Mtu akianza na kishindo kikubwa mwili unajifunza kuogopa kabla kidole hakijajifunza kufyatua, na kuja kuutoa ule woga ni kazi ndefu kuliko kufundisha kulenga. Karibu shida zote hapa chini ukizifuatilia mpaka mwisho unakuta ni mwili unaosubiri mlio, bunduki yenyewe mara nyingi haina kosa lolote.

Ila kabla ya yote: mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha muda wote, kidole kikae nje ya triga mpaka uwe tayari kufyatua, kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umeona zimetolewa, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Ushauri wowote nitakaotoa hapa ukigongana na hayo manne, fuata hayo manne.

Umekataliwa kaunta kabla hata hujashika kitu

Sababu ambayo watu wetu wengi hawaijui ni viza. Sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 922, inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda (ya masomo F-1, ya matembezi B-2, ya kazi H-1B na nyingine za namna hiyo) kumiliki au kushika bunduki na hata risasi, na kukodi kwa saa moja pale renji nako ni kushika. Kwa hiyo mtu wa kaunta akikuuliza makaratasi usione amekubagua. Ipo njia halali: ukiwa na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani na haijaisha muda, unaruhusiwa, ndio maana utawaona wanafunzi wa kigeni wana leseni ya kuwinda na hawajawahi kuwinda hata sungura. Iwe mkononi siku hiyo. Mwenye grini kadi, wakiwemo waliokuja kwa bahati nasibu, pamoja na mkimbizi aliyepokelewa rasmi, hilo katazo la viza haliwahusu. Kama hali yako iko katikati, mfano uliingia kwa viza alafu ukaomba hifadhi na kesi bado inaendelea, muulize kwanza mwanasheria wako wa uhamiaji, tena usiende kabla hajakujibu, manake hili ni kosa la jinai la shirikisho na linaweza kukuharibia makaratasi yote uliyohangaikia miaka.

Sababu nyingine ni kwamba umekwenda peke yako. Renji nyingi hazimkodishii bunduki mtu aliyekuja mwenyewe mara ya kwanza bila mwenzake wala bunduki yake, wanafanya hivyo kuzuia mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, na mimi naona wana haki kabisa. Nenda na mtu. Ya mwisho ni risasi ulizonunua dukani ukaja nazo: watapitisha sumaku, ikinasa wanazikataa, kwa sababu chuma kinaharibu ukuta wa kukamatia risasi na kinaweza kutoa cheche.

Mlio unakushtua, au umetoka masikio yanavuma

Usizoee hili, masikio yakishaharibika hayarudi. Mlio wa ghafla unaofika desibeli 140 unaweza kuumiza sikio papo hapo, .22 iko maeneo hayo hayo, AR inapita 155, na ukiwa renji ya ndani ya jengo mlio wa jirani yako nao unagonga ukuta unakurudia. Kwa hiyo hata kama wewe una .22, kinga yako ipange kwa ajili ya yule jamaa wa leni (nafasi ya kufyatulia) ya pili mwenye bunduki kubwa. Weka vyote viwili, vile vya sponji vya kuingiza ndani ya sikio na headfoni za kinga juu yake. Sponji wengi wanakosea, wanaichomeka tu ikabaki nusu iko nje. Iviringishe kwa vidole mpaka iwe nyembamba kabisa, sikio livute juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, alafu ishikilie mpaka ifutuke ndani.

Dada zetu mnaovaa hijabu: headfoni zikikaa juu ya kitambaa zinavuja, sauti inapita pembeni, na huwezi kuona kwamba inavuja. Suluhisho ni hizo sponji ndani, na juu kitambaa chepesi cha tabaka moja tu chini ya headfoni. Miwani yenye mikono minene nayo inafanya vile vile. Na miwani ya kinga ni lazima kwa kila mtu, miwani ya kusomea haitoshi. Shati nalo lifungwe mpaka shingoni, ganda la risasi linaruka likiwa la moto na likitumbukia kifuani mtu anaanza kucheza huku ameshika bunduki, hapo ndio ajali zinapotokea. Likikuingia, vumilia, weka bunduki chini mezani ikiangalia mbele, kisha ndio ulitoe.

Matundu yametapakaa karatasi nzima

Hii ndio kubwa na nitakaa hapa kidogo. Umepiga risasi kumi, moja juu kulia, nyingine chini kabisa, mbili zimetoka nje ya duara, na kila moja ulikuwa na uhakika umelenga katikati. Watu wanasema bunduki mbovu, wengine wanasema macho yangu mabovu. Ukweli ni kwamba .22 ya kawaida ikiwa imeegeshwa vizuri, kwenye yadi 25 inaweka matundu yote ndani ya inchi moja bila shida, kwa hiyo karatasi ikitapakaa tafuta kwako.

Kinachotokea ni hivi. Ubongo umeshajua ukibonyeza tu kutalia, basi sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kufyatua macho yanafumba, bega linasukuma mbele, kiganja kinakaza, na mdomo wa bunduki unakwenda chini au pembeni. Wewe huoni kwa sababu mlio wenyewe unafunika kila kitu, unabaki na kumbukumbu ya kulenga vizuri, ambayo ni ya kweli kabisa, ulilenga vizuri ila hukuwa umelenga wakati risasi inatoka.

Jinsi ya kujua kwa hakika: mwenzako achanganye kwenye magazini risasi bandia za plastiki, moja moja mahali ambapo wewe hujui. Ukifika kwenye ya bandia hakuna mlio wa kukufichia, utaona mwenyewe bunduki inavyochota chini. Watu wazima kabisa, wanaume wenye miili yao, wanaduwaa wakiiona hiyo. (Kubonyeza triga bila risasi yoyote ndani nako kunasaidia, ila kwenye .22 nyingine pini (ile inayogonga risasi iwake) inagonga ukingo wa chemba (pale risasi inapokaa) ikauharibu, kwa hiyo muulize mwenye bunduki kwanza.)

Dawa yake ni triga. Usiivute kwa kustukiza pale unapoona alama ya kulengea imekaa sawa, ibonyeze taratibu inaongezeka kidogo kidogo, kama unavyobonyeza embe sokoni kuangalia limeiva, na uache mlio ukukute. Alama itacheza cheza juu ya duara, iache icheze, hakuna binadamu anayeshika bunduki ikasimama kabisa. Ule mchezo mdogo wa kucheza unakugharimu nusu inchi, kustukiza triga kunakugharimu inchi tano. Kingine, geuza karatasi upande usio na duara, piga kwenye weupe bila kulenga popote, sikiliza kidole tu. Ukishapiga hivyo kidogo rudi kwenye duara uone tofauti. Na boksi la risasi 50 usilimalize kwa mfululizo, piga tano, weka chini, pumua, kunywa maji ukiwa nje ya mstari. Mtu akichoka anarudi pale pale alipoanzia.

Soma matundu matano matano. Tundu moja halikwambii kitu, usilifukuze, ukilifukuza utakuwa unarekebisha kosa ambalo halipo.

Karatasi haina tundu hata moja

Angalia kwanza karatasi ya jirani, nasema kwa upendo kabisa, mara nyingi ziko huko hasa renji za nje ambako namba za leni ziko mbali. Kama haziko huko, isogeze shabaha. Mgeni hana sababu ya kuanzia yadi 100, kule .22 iliyorekebishwa kwa yadi 50 inashuka inchi kama 6 au 7, na upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaisukuma nne au tano nyingine, hapo utakuwa unapigana na vitu usivyovijua bado. Anza yadi 25, au hata 15.

Ila ukiisogeza karibu sana nako kuna jambo: skopu (darubini ya kulengea) inakaa juu ya mtutu kama inchi moja na nusu, kwa hiyo kwenye yadi 7 risasi itagonga chini ya pale unapoangalia, kama inchi moja, na bunduki haina tatizo, ni umbali tu.

Kama huna skopu, una saiti (alama ya chuma ya kulengea) ya nyuma na ya mbele, basi ile ya mbele ndio ionekane kali, ya nyuma na karatasi viwe na ukungu kidogo. Wageni wengi wanafanya kinyume, wanaikazia macho karatasi, saiti inatoweka, na risasi inaenda inakotaka.

Matundu yamekusanyika vizuri ila hayako katikati

Hongera, hili ndio tatizo zuri kuliko yote, wewe unapiga sawa, sasa ni bunduki ndio inahitaji kurekebishwa. Kama ni ya kukodi usiguse kitu, mwambie mfanyakazi, au lenga upande wa pili kwa umbali ule ule. Kama ni ya rafiki na amekuruhusu, skopu nyingi ukizungusha kitufe chake cha kurekebishia, kila mlio wa tiki unasogeza robo inchi kwenye yadi 100, hiyo ikiwa yadi 50 ni nusu yake na yadi 25 ni robo yake. Mfano matundu yako yako inchi 2 chini kwenye yadi 50, hapo ni tiki 16 kwenda juu, na kwenye yadi 25 inchi hizo hizo 2 zinataka tiki 32. Watu wanazungusha tatu nne alafu wanasema skopu mbovu. Kwenye saiti za chuma, ya nyuma unaisogeza kule unakotaka tundu liende, ya mbele unaisogeza kinyume chake.

Rekebisha kitu kimoja, piga tano, ndio uguse kingine.

Yamejipanga mstari

Yakijipanga juu na chini ni pumzi, unafyatua kifua kikiwa kinapanda au kinashuka. Toa pumzi kawaida, pale mwisho kuna utulivu wa sekunde chache kabla mwili haujadai tena hewa, fyatulia hapo, na zikipita sekunde nane hivi hujafyatua acha, pumua upya, manake ukilazimisha macho yanaanza kuona ukungu. Yakijipanga kushoto na kulia mara nyingi ni kidole kinasukuma triga pembeni au ni mwili umekaa mshazari unaivuta bunduki kwa misuli. Fumba macho ukiwa umelenga, pumua mara mbili, fumbua, uone bunduki imekwenda wapi. Ikiwa imehama usiirudishe kwa mikono, sogeza miguu au kiti.

Kwenye skopu naona giza au mwezi mwembamba

Jicho liko karibu mno, mbali mno, au limekaa pembeni. Rudisha kichwa nyuma kabisa, alafu sogea taratibu mpaka duara lijae lote, kisha shavu ulilaze pale pale kila safari. Kwa .22 hutaumia, ila zoea kuacha nafasi kama inchi tatu, manake siku ukishika kubwa ile skopu inapasua nyusi.

Kama bado huoni vizuri pima jicho lipi ndio kuu. Nyoosha mikono, viganja vikutane uache kitundu kidogo katikati, angalia kitu cha mbali kupitia hapo ukiwa umefumbua macho yote mawili, alafu fumba moja moja. Jicho linalobaki linakiona ndio kuu. Wapo watu wa mkono wa kulia ambao jicho kuu ni la kushoto, na hao wanahangaika sana bila kujua kwa nini. Jaribu bega la kushoto, kwenye .22 inawezekana kabisa na siku ya kwanza huna mazoea ya kuvunja.

Imefanya tiki, haikulia

Usiifungue. Usiigeuze uichungulie. Ibaki inaangalia shabaha, kidole nje ya triga, hesabu sekunde 30 nzima, kwa sababu baruti inaweza kuwa imewaka kwa kuchelewa. Baada ya hapo toa magazini, vuta bolti (kile chuma kinachoingiza na kutoa risasi), toa ile risasi, na uiweke kwenye chombo cha risasi mbovu ambacho renji wanacho. Inua mkono uite msaada kama huna uhakika, ndio kazi yao. Kwenye .22 hili ni jambo la kawaida kwa sababu kiwashio kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda kuzunguka, na pakiwa na sehemu hakikufika, pini ikigonga hapo hakuna kitu.

Hatari zaidi ni ile iliyolia kidogo, badala ya mlio wa kawaida umesikia puf. Simama hapo hapo. Inawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wako. Toa magazini, fungua bolti, weka mezani, muite afisa wa renji aukague mtutu. Hata kama bunduki inaonekana inakubali kuendelea, wewe usikubali.

Ganda limesimama limebanwa na bolti? Hiyo ni ndogo, ni uchafu wa .22 tu, au magazini haikuingia mpaka mwisho. Mdomo mbele, toa magazini, vuta bolti nyuma, litaanguka.

Bega linauma

Kwa .22 halitakiwi kuuma. Kama linauma kitako kiko kwenye mfupa au kwenye mkono, kiweke kile kishimo kati ya bega na kifua na ukivute kiguse mwili bila nafasi. Umeachia nafasi, kitakupiga.

Nimefokewa

Karibu mara zote ni kitu kimoja, umegeuka na bunduki mkononi, ama unamuuliza mwenzako kitu ama unataka picha. Ukigeuka kiuno na mdomo wa bunduki unageuka, unawapitia watu wote wa kushoto kwako. Picha unapiga bunduki ikiwa mezani, bolti iko wazi, na aliyepiga awe nyuma yako. Ya pili ni siz faya, amri ya wote kuacha kufyatua: ikitangazwa, hata kama ulikuwa umebakiza nusu ya triga, unaacha, unatoa magazini, unafungua bolti, unaweka mezani na unarudi nyuma ya mstari mikono mitupu, hugusi kitu tena mpaka watangaze. Wanafoka kwa sauti kubwa kwa sababu kila mtu ameziba masikio, usiichukue kama matusi, sema samahani na uendelee. Kama Kiingereza chao cha haraka hukipati, mwambie afisa mapema kwamba mara ya kwanza na akuonyeshe kwa mkono ishara yao ya kusimamisha. Wanapenda ukiwaambia.

Mikono inatetemeka, moyo unakimbia, nataka kutoka

Ikiwa ni kutetemeka tu, mara nyingi hujala, umekunywa kahawa, au umeikaba bunduki kama vile itakimbia. Legeza, egesha kwenye mfuko wa mchanga, mfuko ndio ubebe uzito badala ya mikono yako.

Lakini wapo ndugu zetu waliotoka Kivu, waliotoka Burundi, ambao mlio wa bunduki waliujua kabla hawajafika umri wa shule, na hao wakiingia renji ya ndani mwili unakumbuka wenyewe, hawana hiari. Jasho, kifua kinabana, masikio yanaziba, mwingine analia bila kujua kwa nini. Huu sio udhaifu na hakuna risasi ya kuutibu. Wewe uliyemleta usimwambie ajikaze. Mtoe nje sasa hivi, uende naye, pesa ya leni iache. Kama yeye mwenyewe siku nyingine anataka kujaribu, basi iwe renji ya nje ya wazi, asubuhi siku ya kazi ambapo hakuna watu, na asimame mbali kwanza anasikiliza, ajue anaweza kuondoka dakika yoyote. Na kama hataki tena kabisa, hajapungukiwa kitu.

Umemaliza, kinywani kuna ladha ya chuma

Ni moshi na vumbi la risasi. Risasi za .22 nyingi ni madini ya risasi (lead, ambayo ni sumu) matupu na kiwashio chake nacho kina madini hayo hayo, kwa hiyo yanabaki mikononi, usoni na kwenye nguo. Osha mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kula, kuvuta sigara au kushika simu. Renji ya ndani ikiwa moshi umetanda hauondoki, feni zao hazifanyi kazi sawasawa, tafuta nyingine. Viatu viache nje ya mlango, nguo zifue peke yake, na kama una mtoto mdogo au mama mjamzito nyumbani, oga na ubadili kwanza ndio umsogelee.